Paneli Inakalia Kazi Yako? Panga Madirisha za Openbox Kama Ploti ya Pipeline

Cheki hii picha. Ni saa nne usiku kasoro dakika tatu, na dedilaini ya wera ni saa nne kamili. Umemaliza kila kitu, kimebaki tu kubonyeza kitufe cha kutuma. Unashuka chini ya dirisha kukitafuta. Hakionekani. Ukikaza macho unaona ka-mstari ka buluu kakichungulia juu ya ile ukanda mweusi wenye saa na betri. Kitufe kiko, ni vile kimekaliwa na paneli.

Hiyo si hekaya ya mtaa, ilinipata mimi. Ilikuwa gig ya kusikiza audio na kuiandika, na mteja simtaji. Lapi yangu ni ex-UK, RAM ni 2GB na skrini ni 1366 kwa 768. Dirisha la kutuma kazi lilikuwa refu kushinda skrini yenyewe. Nilivuta huku, nikapanua kule, nikafunga vitu zingine zote nikidhani ni RAM imejaa. Saa nne ikapita, mlango wao wa online ukajifunga, na wera ya siku mbili ikaenda na maji.

Kilichoniuma si hata hiyo doh. Ni kujua baadaye kwamba shida yangu ilikuwa inaisha kwa kushika kitufe kimoja cha kibodi. Na kuizuia isirudi ilihitaji mistari kama saba kwa faili moja. Sasa mimi nilitoka college kabla ya kumaliza, na hakuna darasa lilinifundisha hii kitu. Kama mimi nimeishika, wewe utaishika pia. Nipe dakika kumi.

Uko kwa moto saa hii? Anza hapa

Kama unasoma hii na dedilaini iko mlangoni, fanya hivi kwanza halafu urudi tuongee.

Shika kitufe cha Alt, ukiwa bado umekishika bonyeza mausi upande wa kushoto mahali popote ndani ya lile dirisha, kisha vuta juu. Hauhitaji kushika ile sehemu ya jina pale juu. Dirisha litapanda mpaka kichwa chake kitoke nje ya skrini, na chini yake kitufe chako kitatokea. Ukifika ukingoni utahisi kama dirisha linakataa kidogo. Usiogope, songa tu, litapita.

Ukishika Alt na ubonyeze upande wa kulia, unabadilisha ukubwa wa dirisha badala ya kulihamisha. Na kama ni ukurasa wa browser ndio umefunikwa, bonyeza F11. Browser itachukua skrini nzima na paneli itabaki nyuma yake. Ukimaliza, bonyeza F11 tena.

Hizo za Alt zinakuja na Openbox vile unaipata, bila kuseti chochote. Umeshatuma kazi? Poa. Sasa tuone kwa nini ilitokea.

Openbox na tint2: ni watu wawili, si mmoja

Watu wengi wanaingia hii dunia juu ya mfuko. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo inataka angalau RAM ya 4GB na chipu ya TPM 2.0, kwa hivyo lapi kama yangu haiko hata kwa listi. Una njia mbili: kununua lapi ingine, ama kuweka Linux nyepesi kwa hii uko nayo. Kama pesa ya kwanza haiko, unajua njia gani imebaki.

Sasa kwa Linux, kuna programu yenye kazi yake ni kuchora fremu za madirisha, kuzihamisha, na kuamua gani iko mbele ya gani. Hiyo ndiyo meneja wa madirisha. Openbox ni mmoja wao, na imejulikana miaka mingi kwa kutokula RAM. Utaipata ndani ya LXDE, ndani ya BunsenLabs, na kwa Lubuntu nyingi. Ama unaiweka peke yake kwa Debian ama Ubuntu hivi:

sudo apt install openbox obconf tint2

Lakini Openbox haifanyi ingine zaidi ya hiyo. Ukiingia mara ya kwanza ikiwa peke yake utakutana na skrini tupu ya kijivu, hakuna saa, hakuna ikoni, hakuna picha ya nyuma. Ukibonyeza upande wa kulia menyu inatokea, basi. Watu wengi hudhani wameharibu lapi. Zii, hujaharibu kitu. Ni vile haujaita paneli.

Paneli ni programu ingine kabisa. Yenye watu wengi hutumia na Openbox ni tint2: ukanda mmoja wa saa, betri, WiFi na majina ya madirisha zenye umefungua. Ili ijiwashe kila ukiingia, weka huu mstari kwa faili ya ~/.config/openbox/autostart:

tint2 &

Hiyo alama ya & mwishoni usiisahau. Inaambia mfumo uendelee na mambo mengine badala ya kungojea tint2 imalize, na tint2 haimalizi mpaka utoke.

Hapa ndipo kiini cha stori kiko. Openbox na tint2 ziliandikwa na watu tofauti. Zinaelewana kupitia makubaliano yanaitwa EWMH, kama vile makanga na dere wanaelewana kwa kugonga bodi ya mathree. tint2 inasema, "Mimi ni paneli, naomba kukaa hapa." Openbox inasikia, halafu inapanga madirisha zingine kulingana na hayo maombi. Ukiona paneli imekalia kazi yako, si lazima kuna kitu kimeharibika. Inawezekana maombi yenyewe yalikuwa mabaya.

Na maombi ni mawili. Mosi, paneli inakaa ghorofa gani? Pili, imetengewa ardhi yake ama la? Watu wanachanganya hizi mbili kila siku, na hapo ndipo ngori huanza.

Swali la kwanza: ghorofa

Fikiria ploti ya Pipeline, ghorofa juu ya ghorofa. Openbox inapanga madirisha zako vivyo hivyo, na kuna ghorofa tano za kujua.

Chini kabisa ni ya desktop, mahali picha ya nyuma na ikoni hukaa. Hakuna kitu kinaenda chini ya hiyo.

Ya pili inaitwa below. Hapa unaweka vitu vya kuonekana tu wakati hakuna kitu mbele yake, kwa mfano kadirisha ka notes zako ama kalenda.

Ya tatu ni normal. Browser, programu ya kuandika, folda, karibu kila kitu unafungua kinaingia hapa.

Ya nne ni above. Hapa ndipo paneli hukaa kwa kawaida, pamoja na dirisha lolote umeambia likae juu kila wakati.

Ya tano ni ya skrini nzima. Ukiwa unacheki video na uifanye ijaze skrini, inapanda huku juu na kufunika hadi paneli. Ndiyo maana F11 ilikuokoa hapo mwanzo.

Sheria ya ploti ni moja: ukibonyeza dirisha, linakuja mbele, lakini ndani ya ghorofa yake tu. Mpangaji wa ghorofa ya tatu anaweza kusukumana na majirani wake wa ghorofa ya tatu, lakini hawezi kumpita wa ghorofa ya nne hata abonyezwe mara mia. Usiku ule nilikuwa nabonyeza lile dirisha nikitumaini litakuja mbele ya paneli. Lilikuwa mbele tayari, mbele ya wenzake wa normal. Paneli ilikuwa inakaa above, inaniangalia tu.

Swali la pili: road reserve

Ghorofa inaamua nani anamfunika nani. Lakini kuna swali lingine: madirisha zikipanuka, zinasimama wapi?

Kila Mkenya anajua road reserve. Ni ile ardhi kando ya barabara yenye hauruhusiwi kujenga, na ukijenga, siku moja tingatinga itakuja. Paneli pia inaweza kuomba road reserve yake. Inaambia Openbox, "Chini ya skrini hapa, pikseli 30 ni zangu." Ukipanua browser, Openbox inaisimamisha kabla ifike hapo. Hiyo reserve kwa lugha ya mafundi inaitwa strut, na hilo neno utaliona kwa faili ya tint2, kwa hivyo lishike.

Sasa changanya maswali mawili, uone vile matokeo hubadilika.

Paneli iko juu na ina reserve: browser ikipanuliwa inaishia pale paneli inaanzia. Hakuna anayemkalia mwingine. Hii ndiyo watu wengi wanataka.

Paneli iko juu na haina reserve: browser inajaza skrini yote na paneli inakaa juu ya sehemu yake ya chini. Vitufe vya chini vyote vinapotea. Hii ndiyo sumu, na ndiyo ilikuwa kwa lapi yangu. Nilikuwa nimekopi faili ya mtu juu paneli yake ilikuwa na rangi moto, bila kusoma yenye iko ndani.

Paneli iko chini na ina reserve: dirisha likipanuliwa linaheshimu mpaka, lakini ukilivuta kwa mkono linaweza kufunika saa yako. Si mbaya.

Paneli iko chini na haina reserve: madirisha zinachukua skrini yote, na paneli unaiona tu ukifunga ama kupunguza vitu. Kwa skrini ndogo kuna watu hupenda hii.

Ukweli mmoja wa kuongeza: reserve inasaidia dirisha likipanuliwa, yaani lile linakubali kupangwa. Dirisha lenye limekataa kupunguzwa, mathalani lina urefu wa pikseli 800 kwa skrini ya 768, halitatosha hata upange aje. Hapo dawa inabaki Alt na kuvuta. Kwa hivyo usiku wangu ulikuwa na makosa mawili: paneli bila reserve, na mimi bila kujua Alt.

Sasa tufungue faili

Ukiwasha tint2 mara ya kwanza inakutengenezea faili yake kwa ~/.config/tint2/tint2rc. Kabla uiguse, weka kopi. Hii si ya kujadili:

cp ~/.config/tint2/tint2rc ~/.config/tint2/tint2rc.bak

Kisha ifungue na programu yoyote ya kuandika maandishi na utafute hii mistari. Ibadilishe ikae hivi:

panel_items = TSBC
panel_size = 100% 30
panel_position = bottom center horizontal
panel_layer = top
panel_dock = 0
strut_policy = follow_size
autohide = 0

Tuipitie moja moja.

panel_items ni vitu vya kuonekana, kwa mpangilio kutoka kushoto. T ni orodha ya madirisha zako, S ni ikoni ndogo kama za WiFi, B ni betri, C ni saa. Usipoweka B, siku stima itapotea ndio utajua betri ilikuwa asilimia nne.

panel_size ni upana halafu urefu. Hapa ni upana wote wa skrini na pikseli 30 kwenda juu. Kwa skrini ya 768 unabaki na 738 za kufanyia kazi. Ukitaka zaidi, shuka hadi 24, lakini hakikisha bado unasoma saa.

panel_layer ndiyo swali la ghorofa. Inakubali top, normal ama bottom. Chunga hapa kwa sababu jina linadanganya: ukiandika normal, tint2 haiombi ghorofa yoyote, inaacha Openbox iamue. Na Openbox ikijua hii ni paneli, inaipeleka juu. Kwa hivyo kama unataka madirisha ziweze kufunika paneli, andika bottom, usiandike normal ukitarajia muujiza.

panel_dock iache 0. Ukiweka 1, paneli inahamia kwa sehemu maalum ya Openbox inaitwa dock, na kuanzia hapo mahali pake na ghorofa yake zinatawaliwa na faili ya Openbox, si hii. Kama umewahi kubadilisha panel_position mara kumi na hakuna kitu kinasonga, cheki kama hii iko 1.

strut_policy ndiyo road reserve, na ina majibu matatu. follow_size inatenga nafasi sawa na ukubwa wa paneli. none haitengi chochote. minimum inatenga nafasi ya paneli ikiwa imejificha, na hiyo ni ya wale wanataka paneli ya kuingia na kutoka.

Kama wewe ni mmoja wao, badilisha hizi:

autohide = 1
autohide_show_timeout = 0.3
autohide_hide_timeout = 1
autohide_height = 2
strut_policy = minimum

Hapo paneli inajificha mpaka upeleke mausi chini kabisa. Ingoje sekunde 0.3 itokee, na ukitoa mausi inakaa sekunde moja kisha inaishia. Ikijificha inabaki na pikseli 2 tu. Usiweke autohide pamoja na follow_size. Kila paneli ikitokea browser itajipunguza, ikiishia itajipanua, na hiyo kucheza juu na chini itakuumiza kichwa kabla ya lunch, mbali na kusumbua lapi yenye haina nguvu.

Ukimaliza, hifadhi faili, kisha ambia tint2 isome upya:

killall -SIGUSR1 tint2

Hauhitaji kuzima lapi. Panua browser yako uone kama inaishia mahali inafaa.

Kupandisha dirisha moja tu

Hadi hapa tumepanga paneli. Lakini hii ghorofa stori inalipa zaidi ukiitumia kwa madirisha za kazi.

Chukua hiyo wera ya audio. Unahitaji kicheza-audio kikae mbele wakati unaandika, ndiyo uweze kusimamisha na kurudisha nyuma. Ukibonyeza mahali unaandika, kicheza-audio kinamezwa. Unakitafuta tena, unakibonyeza, unarudi. Fanya hivyo mara mia mbili kwa siku uone vile jioni itakuwa.

Dawa ya haraka: kuwa kwa hilo dirisha, bonyeza Alt na Space, menyu itatokea, na ndani kuna sehemu ya leya. Chagua likae juu kila wakati. Imeisha.

Dawa ya kudumu iko kwa rc.xml, faili kuu ya Openbox. Kama haiko kwa folda yako, ichukue ya mfumo:

mkdir -p ~/.config/openbox
cp /etc/xdg/openbox/rc.xml ~/.config/openbox/

Fanya hivyo tu kama haiko, juu hiyo kopi itafuta yenye ulikuwa nayo. Kwa LXDE faili inaitwa lxde-rc.xml, kwa hivyo usihariri rc.xml ukashangaa mbona hakuna kinabadilika. Na kama kawaida, weka kopi ya pembeni kabla uanze.

Kisha tafuta jina la programu yako vile Openbox inalijua. Fungua terminali uandike:

obxprop | grep "^_OB_APP"

Mausi itageuka kuwa msalaba. Bonyeza dirisha unalotaka, na terminali itakutolea majina yake. Lenye tunataka ni la _OB_APP_CLASS. Liandike vile liko, herufi kubwa ikiwa kubwa na ndogo ikiwa ndogo.

Ingia rc.xml, shuka hadi sehemu ya applications, na uongeze hii. Mimi natumia mpv:

<application class="mpv">
  <layer>above</layer>
</application>

Layer hapa inakubali above, normal ama below. Notes zako ukitaka zikae nyuma ya kila kitu, weka class yake na below.

Kuna mtego hapa wenye ulinikula saa nzima. Hiyo sehemu ya applications inakuja na mfano mrefu ndani yake, lakini huo mfano umefungwa kati ya <!-- na -->. Kila kitu kiko katikati ya hizo alama mbili Openbox inakiruka kama hakipo. Ukiandika sheria yako huko ndani, utakaa ukingojea. Iandike baada ya --> na kabla ya </applications>.

Ukitaka kitufe cha kupandisha na kushusha dirisha lolote bila menyu, nenda sehemu ya keyboard uongeze:

<keybind key="W-t">
  <action name="ToggleAlwaysOnTop"/>
</keybind>

W ni ile kitufe yenye alama ya Windows kwa kibodi. Ukibonyeza hiyo pamoja na t, dirisha linapanda ghorofa ya above. Ukirudia, linashuka. Na kwa sababu paneli pia inakaa above, sasa ni majirani, na dirisha lako linaweza kupita mbele yake. Hata hii peke yake ingenitosha ule usiku kwa dirisha lolote lenye linatosha kwa skrini.

Mwisho, ambia Openbox isome mabadiliko:

openbox --reconfigure

Kama programu ilikuwa imefunguliwa, ifunge uifungue tena. Sheria za applications zinashika dirisha likizaliwa, hazishiki lenye limeshakomaa.

Imekataa? Cheki hizi kwanza

Ukipata ujumbe wa makosa baada ya kureconfigure, karibu kila mara ni alama umefungua na haukufunga. Kila <layer> inataka </layer> yake. Hesabu. Ukishindwa, rudisha ile kopi ya .bak na uanze upya, hiyo ndiyo kazi yake.

Ukibadilisha faili na hakuna kinachotokea, jiulize kama hiyo ndiyo faili yenye inasomwa, na kama uliandika ndani ya ule mfano uliofungwa.

Kama bado, andika hii kwa terminali:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Ikisema x11, uko mahali sahihi. Ikisema wayland, basi hauko kwa Openbox. Openbox ni ya X11 pekee. Kwa Wayland kuna labwc, yenye iliiga Openbox na inatumia rc.xml yenye utaitambua, na ndiyo Raspberry Pi OS ilihamia mwaka wa 2024. Stori ya ghorofa na reserve ni ile ile, lakini tint2 iache, tafuta paneli ya Wayland kama Waybar.

Basi hivyo ndivyo

Ukisahau kila kitu hapa, beba maswali mawili: inakaa ghorofa gani, na ina ardhi yake? Kila paneli, kwa kila meneja wa madirisha, inajibu hayo maswali mahali fulani kwa faili yake. Ukijua unatafuta nini, utayapata hata kama majina yamebadilika.

Lapi yangu ni ile ile, 2GB ile ile. Juzi nilipata gig ingine ya audio na dirisha la kutuma lilikuwa refu vile vile. Nilishika Alt, nikalivuta juu, kitufe hicho hapo. Nilituma saa tatu na nusu usiku, nikaenda kulala mapema kama mtu ana akili.

Najua una beshte analia kila siku ati lapi yake ya zamani haiwezi wera. Mtumie hii kabla dedilaini yake ifike.